Upepo wa Disemba Saluni kwa Edilsa

Saluni ya Edilsa Charris, mjini Barranquilla, ilikuwa na kiyoyozi na draya tatu za kukaushia nywele zilizonguruma kutwa. Redioni alikuwa amesikia mengi kuhusu joto la dunia na mitambo ya umeme inayochoma makaa, akayapuuza. Lakini mwaka ule mto ulifurika, ukabeba nyumba ya mama yake. Disemba, pepo za msimu zilipoanza kuvuma, akazima kila kitu, akapeleka viti uani.

Bi Betsabé, mteja wake wa kila Jumamosi, alishika kiuno.

"Wee Edilsa! Nimekuja kutengenezwa nywele au kuanikwa kama shuka?"

"Kaa kwanza, mama. Huu upepo hauchomi makaa."

"Na nikichelewa harusini?"

"Utafika umependeza mpaka bibi harusi anune."

Bi Betsabé akakaa kwa shingo upande, rola kichwani. Pembeni yake Nereida, mteja mwenzake, alikuwa akisimulia jinsi mkwewe mwanajeshi alivyokimbizwa na kuku. Miaka yote wanawake hao walikaa bega kwa bega chini ya draya bila kusikia maneno ya mwenzake kwa ule mngurumo. Bi Betsabé alicheka hadi rola zikamdondoka, na kisa hakijaisha, nywele zilikuwa zimekauka.

Jumamosi iliyofuata aliwahi kiti cha uani kabla ya wenzake. Nyumbani nako akazima kiyoyozi, akafungua madirisha. Mumewe alipoguna, alimvuta mkono.

"Acha kulalamika, baba. Njoo barazani, kwanza una siku nyingi hujanisimulia kitu."