Ubavuni mwa Maikrofoni

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku gari la redio lilipopanda kwetu mlimani, juu ya Tengeru. Enzi zile za Mwingereza gari lolote likifika, watu waliacha hata ndizi motoni. Mimi nilikuwa mke mpya. Baba mkwe wangu, mzee wa kanisa, aliombwa aimbe wimbo wa kupokezana, naye akanichagua mimi nimwitikie. Nilifurahi kupita kiasi! Mama yangu, upande wa pili wa mlima, alikuwa amepofuka, hawezi tena safari, na jirani yake mwenye duka alikuwa na redio; humo angenisikia.

Sasa, kwa mila yetu, mke hasimami uso kwa uso na baba wa mumewe. Nikasimama kando, ubavuni mwa maikrofoni, macho chini, nikaimba kwa nguvu zangu zote. Fundi wa redio alipoturudishia mkanda tusikilize, sauti ya baba mkwe ilijaa tele, yangu haikuwemo.

Fundi, kijana mpole wa Dar es Salaam, akatueleza. "Mama, maikrofoni hii husikia mbele na nyuma tu. Ubavuni ni kiziwi, ndiyo maana ubavu nimeuelekeza kwenye mashine ya kumenya kahawa. Ninayo nyingine ya kusikia pande zote, lakini itabeba na makelele ya mashine. Hii ni ya watu wawili wanaotazamana."

Wanaotazamana! Watu wakaguna. Nikasema, "Basi aimbe baba peke yake." Niliona ndiyo adabu, nikaanza kurudi nyuma.

Baba mkwe akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu niolewe. "Mama yako haoni. Unataka umnyime na kusikia? Njoo usimame mbele yangu. Mila ni yetu, na ruhusa natoa mimi."

Tukaimba tukitazamana, maikrofoni katikati. Wimbo ulipotoka redioni, nilisimuliwa, mama aliinua mkono watu wanyamaze, akasema, "Huyo ni wangu." Hakufikia mavuno yaliyofuata. Namshukuru baba mkwe mpaka leo, na sioni haya kulia nikimtaja.

Mwanangu, shika heshima, lakini adabu si adhabu. Ukiona husikiki, usikimbilie kupaza sauti wala kujitoa. Uliza kwanza usimame wapi. Mungu akujalie mkubwa atakayekugeuzia uso akusikie, na siku mkubwa ukiwa wewe, akulainishe shingo.