Kiatu Nilichokivua Mlangoni

Sina subira na watu wanaoniuliza kama mguu ulipendeza. Mtu anatoka kwake, anakaa barazani kwangu, anakitazama kidole changu gumba, halafu ananiambia, "Na mimi nataka nikatwe, viatu vya harusi havinikai." Namwambia nenda zako! Nundu ya mguu haikatwi kwa ajili ya harusi. Inakatwa ukishindwa kutembea, umeshahamia viatu vipana, umeweka sponji, umemeza dawa za maumivu, na bado unalala unalia.

Yangu ilifika huko. Nakaanga samaki sokoni Bagamoyo, kazi ya kusimama kutwa. Mfupa ulitokeza pembeni mwa mguu wa kulia, kidole gumba kikawalalia wenzake, kila kiatu nikakiona adui. Hata mama yetu alikuwa na mguu kama huo, ni mambo ya ukoo. Daktari wa Dar alinieleza vizuri, simlaumu. Tutaukata mfupa, tutaunyoosha, tutaushika kwa skrubu. Utatembelea kisigino, ndani ya kiatu maalumu chenye soli ngumu. Mguu utavimba kwa miezi, na hata hivyo nundu inaweza kurudi. Nikayakubali yote. Kilichonizuia ni dada yangu.

Dada alikuwa Lugoba, figo zimechoka. Mama alifariki nikiwa mdogo, na dada ndiye aliyeniogesha, akanisuka, akanifundisha kusali. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona, binti yake alipotoka kwenda jikoni, alinishika mkono. "Nikifa unioshe wewe. Hao wengine nawaonea haya." Nikamwahidi kwamba nitamwosha kwa mikono yangu. Kisha nikamwambia kwamba operesheni nitaiahirisha. Akanifokea, mgonjwa yule! "Kwa hiyo unakaa unangoja nife? Kakatwe huko, mimi bado nipo nipo sana."

Nikakatwa. Nyuzi hazijatolewa, simu ikaingia alfajiri. Ilikuwa ya binti yake, analia tu.

Jirani akanipakia kwenye gari lake, mguu nimeunyoosha kiti cha nyuma, tukashika njia ya Msata. Sikulia njiani. Nilikuwa naipanga kazi kichwani: nianze upande wa kulia, nimsitiri vipi, mkono niupitishe taratibu wapi. Nilishawapigia simu kuomba stuli, nimwoshe nimekaa. Wakaniambia njoo, tunakusubiri.

Nikafika. Kizingitini zimejaa kandambili za waliotangulia, ndani mikeka imetandikwa, wanawake wanasoma Yasini. Nikainama, nikafungua kile kiatu cha hospitali, nikakiacha pale pamoja na viatu vya wenzangu. Sikufikiri hata kidogo. Nani kati yetu anakanyaga mkeka wa msiba na kiatu mguuni? Daktari alinikataza kupiga hata hatua moja bila kiatu kile, na katazo lenyewe nilikuwa nimelishika siku zote hizo nyumbani kwangu.

Nikapita sebuleni kwa kisigino, nimeshika ukuta. Pa kuoshea palikuwa uani, pamezungushiwa kanga na turubai, ufuo umechimbwa chini ya kitanda ili maji yaingie humo. Mlango wa nyuma una ngazi moja tu, nayo ilikuwa imelowa. Kisigino kikateleza, uzito wangu wote ukaenda kwenye kidole. Nilihisi kitu kimeachia ndani ya mguu. Nilipotazama chini, bandeji ilikuwa nyekundu.

Mwoshaji, mama mtu mzima wa pale mtaani, aliuona mguu kabla ya uso wangu. "Mwanangu, damu hiyo. Huwezi kuingia nayo hapa."

"Nifungeni mfuko wa nailoni niingie!"

"Inachuruzika, mwanangu. Na utamwangukia marehemu."

Nilipiga kelele, jamani. Nilimtolea yule mama maneno ambayo hayasemwi msibani. Nilimwambia huyu si dada yangu tu, ndiye mama niliyemjua, na nimemwahidi. Wanawake wawili wakanishika makwapani, wakaniketisha kwenye kiti nje ya zile kanga, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikasikia maji yanamwagwa. Nikasikia mwoshaji anasema, polepole, mgeuzeni. Kati yangu na dada ilikuwa kanga tu. Moyo ulinikatika, sina neno jingine.

Ndiyo maana anayekuja kwangu kuuliza habari za mguu namweleza hili kwanza. Muulize daktari mambo ya kwetu, maana yeye anaweza asiyakumbuke. Nikiingia nyumba ya watu nifanyeje? Msikitini je? Msibani je? Shona mfuko wa kitambaa safi wa kuvalisha juu ya kile kiatu, uingie nacho popote, na atakayekasirika akasirike. Mengine yote yanatengenezeka. Mimi nilishonwa upya, nikapona, kidole kimenyooka, leo nasimama kwenye karai la mafuta kutwa nzima bila maumivu. Operesheni sina ugomvi nayo.

Siku ile walipomaliza, binti yake alitoka, kanga imemlowa mpaka kifuani. Akaniinamia sikioni. "Mama mdogo, njoo umuage."

Walinibeba hadi ndani. Alikuwa ameshavikwa sanda, uso tu umeachwa wazi, ananukia kafuri. Nikaweka kiganja shavuni kwake, nikakipitisha chini ya kidevu, nyuma ya sikio, natafuta japo tone moja la maji nilifute mimi. Palikuwa pakavu. Walishamfuta vizuri kabisa.