Mti wa Chunguni wa Bwana Mkasi

Babu yangu Matonya alikuwa mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akanidai shujaa huku mbele. Mwenyewe alikiri kwamba siku zote za utawala wa Mdachi aliishi roho juu, na kilichomtisha kuliko askari wote wa boma kilikuwa mti usiofika hata gotini.

Mti huo uliletwa Dodoma na Mjerumani mmoja wa reli aliyewahi kukaa Uchina. Watu walimwita Bwana Mkasi, maana mkasi haukumtoka mfukoni. Wazungu mti ule wanauita azalea. Ulikuwa na umri wa mtu mzima, ila ulipandwa kwenye chungu kipana cha kina kifupi, ukakatwakatwa miaka nenda miaka rudi ili ubaki mdogo. Babu, mchunga ng'ombe wa kijiji cha Mkonze, aliona ni kuutesa bure. Lakini nani amwambie?

Alichukuliwa kazini mwezi wa Oktoba, maua yameshapukutika. Bwana Mkasi alimfundisha siku mbili. Kata maua yakishaanguka tu, usingoje. Chini kata sana, juu kata kidogo, maana mti huu nguvu zake ziko chini, si kama miti mingine. Panapotoka vijiti vitano mahali pamoja, acha viwili. Upe maji ya mvua tu, ya kisima yana chumvi. Kisha akasema anakwenda Ulaya kumchukua mkewe, atarudi Agosti, na akirudi anataka aukute mti umejaa maua. Usipochanua, hamsa ishirini. Babu alikwisha kumwona mtu aliyekula viboko hivyo ishirini na tano. Alilala kifudifudi wiki nzima, akilishwa kama mtoto.

Basi akaanza kuishi kwa ajili ya chungu. Maji aliletewa na Athuman, Mrangi mpole wa Kondoa, ambaye mkewe Mwajabu alifua nguo pale pale kwa Mzungu. Mvua zikapita salama. Halafu mwezi wa Mei ncha za vijiti zikaanza kuvimba. Vitu vinene, vya mviringo, vya kahawia, kila kijiti na chake. Mtu aliyekulia zizini akiona kitu kimenata na kuvimba namna ile, anajua ni kupe, na kupe huwaachi waendelee kunyonya. Akakaa chini, akawatoa mmoja mmoja kwa ukucha, taratibu asije akaacha kichwa ndani, akiwaweka kwenye kigae ili awachome.

Alikuwa amemaliza upande mmoja Mwajabu alipopita na karai la nguo, naye akamwonya kuna kupe. Akaokota kimoja kigaeni, akakipasua. Ndani mlikuwa na kitu chekundu, laini, kimekunjwa vizuri.

"Matonya, kupe gani hawa?" alisema. "Haya ni matumba ya maua."

Babu akamweleza habari ya hamsa ishirini. Mwajabu akamwonea huruma. Akayafukia yale matumba nyuma ya jiko, akasema, "Hili tunalijua wawili. Hata mume wangu simwambii."

Miezi mitatu babu alikonda. Kutoroka alikufikiria, lakini ukitoroka wanamkamata ndugu yako. Akaugeuzia ukutani ule upande mtupu. Nao, ajabu, ukatoa vijiti vipya vyembamba, majani yakashonana. Upande wa pili, Agosti, ulichanua mpaka huoni jani.

Bwana Mkasi akarudi na mkewe. Hakusalimu mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye chungu, akakizungusha, akautazama upande usio na ua. Akauliza polepole, "Nani ametoa matumba huku?"

Polepole ile ndiyo iliyommaliza babu. Askari alikuwa nyuma yake na kiboko. Babu akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Athuman, bwana. Mimi nilikuwa nimekwenda kwetu kuzika."

Athuman akaletwa. Akaapa hajagusa hata jani. Bwana Mkasi akacheka, akampiga bega. Alisema mtu huyu ni fundi: ameupumzisha upande dhaifu, ameuacha wenye nguvu uchanue. Fundi wa namna hii haachwi Dodoma kubeba maji. Yeye Bwana Mkasi amehamishiwa Dar es Salaam, gari moshi linaondoka saa tisa, na Athuman atakwenda na mti.

"Yalikuwa maneno mawili tu, mjukuu wangu," babu aliniambia. "Ni mimi. Basi." Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba amemdanganya Mzungu, na uongo nao ulikuwa na viboko vyake. Akanyamaza. Athuman akapakiwa behewani, chungu mapajani, akimtafuta mkewe kwa macho. Mwajabu siku hiyo alikuwa ameenda kufua kisimani. Mwaka uliofuata vita vikaanza, na Athuman hakurudi tena.

Jioni ile askari walimweleza Mwajabu mumewe amechukuliwa kwa ajili ya matumba aliyoyatoa. Yeye akajua.

Hakumtukana babu. Hakuuliza kitu. Alizeekea Dodoma, jirani yetu, na kila asubuhi alimwamkia kwa jina, kwa adabu zote. Babu aliiogopa sauti ile kuliko kiboko. Alidhani anasutwa. Alipokuwa mzee na kifua kimembana, akashika fimbo, akaenda kwake kukiri.

"Nilijua tangu siku ile," Mwajabu alisema.

"Mbona uliendelea kuniamkia vizuri?"

"Nilikuwa nakuogopa, Matonya. Mume wangu ulimtoa kwa neno moja. Mimi ningekushinda nini?"

Babu akarudi nyumbani. Chakula alichowekewa hakukigusa.