Mlowezi Aliyetokea Kwenye Mate ya Kaka Yangu

Admin, nifiche jina, kaka yangu yumo humu kundini. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, naishi Al Amerat, hapa Oman. Nachapa kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umefungwa plasta. Nimeshayaandika yote kwenye shajara yangu, kwa hiyo nitayaeleza kwa mpangilio.

Familia yetu ilirudi Oman kutoka Kenya. Binti wa kaka amechumbiwa, na wazee wa upande wa mume wanatilia shaka kabila letu la Kiarabu. Nikaona niwafunge midomo kwa kipimo cha nasaba, cha DNA. Nasaba hupita kwa wanaume, basi nikamwomba kaka mate yake. Akatema kichupani akicheka, "Chukua. Waambie kabila waliandike kwa herufi kubwa."

Majibu yalisema asili ya baba zetu ni Uingereza. Mwanamke wa huko akaniandikia kwamba damu yetu inalingana na ya kwao, na kwamba mzee wao alikuwa mlowezi wa mwanzo Kenya, mwenye shamba la kahawa.

Nikampelekea Bibi, mdogo wake marehemu babu, jina la yule mlowezi. Akasema, "Huyo nnamjua. Mama alikuwa mpishi wake. Mumewe wa kwanza alipokwenda kumchukua, Mzungu alimfunga kwenye nguzo, akampiga kiboko mpaka akafa. Mama alitoroka na mimba ya Mzungu. Baba yangu, Mwarabu wa dukani, akamuoa, na mtoto, ndiye babu yenu, akampa jina lake."

Nilimweleza kaka jikoni kwangu. Alinipiga bakora ya uso, nikaanguka, akanikanyaga mkono mpaka mfupa ukalia. "Babu yangu si mtoto wa muuaji," akasema, na kupiga tena. Binti yake alipomshika, alimtupa ukutani, akapasuka kichwa. Hospitali tulisema tumeteleza.

Ijumaa wazee wa mume wanakuja kuwauliza wanawake wa nyumba juu ya nasaba yetu. Kaka ameshanambia, "Utaapa kwa Msahafu kwamba sisi ni Waarabu. Ama nivunje na huo mkono wa pili."

Binti naye amenifuata chumbani, bandeji kichwani. "Shangazi, waambie kweli. Wakija kujua nimeshaolewa, hawatampiga baba. Watanipiga mimi."

Nikisema kweli, sijui kama nitatoka mzima. Nikiapa, nampeleka mtoto huyu kwenye kipigo chake. Nyinyi mliolea mabinti, mngekuwa mimi mngeweka mkono juu ya Msahafu huo? Nijibuni kabla ya Ijumaa.