Daftari la Vyura wa Kisugu

Mwanawetu, mshona kofia wa Kisugu mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, alishikwa na wazimu wa vyura akiwa na miaka arobaini na sita. Aliyemwambukiza ni mpangaji wake Ogutu, Mkenya aliyefundisha chuoni habari za wanyama. "Mama, chura hatafutwi kwa macho," alimwambia, "hutafutwa kwa masikio." Basi! Mvua ikikatika jioni, Mwanawetu huyoo bondeni, kanga kiunoni, daftari mkononi, furaha imemjaa tele.

Majina ya kisomi aliyofundishwa na Ogutu yalimshinda ulimi, akawapa vyura majina ya majirani. Wale wadogo wanaogonga ti-ti-ti kama nyundo ya sonara, Mahmoud. Yule wa vipele anayekoroma krooo, Habibah, na Habibah mwenyewe asijue maskini. Yule anayedondoka pwoi! kama tone mtungini, Abudu.

Jioni moja askari wawili walimkuta amechutama kando ya matete. Sajini akampokonya daftari, akasoma kwa sauti: "Abudu, anaanza baada ya magharibi, amejificha kushoto. Mahmoud, wako kama ishirini, wanajibizana. Habibah, yuko karibu na daraja, akisikia viatu ananyamaza."

Mama weee! Yakisomwa hivyo, hata yeye angejikamata.

"Hii watu iko wapi?"

"Ni vyura, afande."

"Chura iko na jina ya Abudu? Ingia gari!"

Miaka ile ya utawala wa kijeshi, aliyeingizwa katika gari la askari hakurudi kumalizia chai yake. Na vyura nao, wanafiki wakubwa, walikuwa kimya kwa kuogopa buti. Mwanawetu akaona heri aibu kuliko kifo. Akajaza mashavu pumzi.

"Pwoi!"

Kimya. Sajini akakoki bunduki.

"Pwoi! Abudu, nakufa mwenzio! Pwoi!"

"Pwoi," likajibu tete la kushoto.

Alaa! Akagonga ti-ti-ti, ishirini wakamrukia kwa kelele. Akakoroma krooo, na darajani kukakoromwa mkoromo wa kutikisa maji. Yule askari wa pili alikaa chini topeni, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Sajini alijikaza, alijikaza, mdomo ukamponyoka.

"Kwetu iko moja kubwa," akasema akifuta machozi, na akavimbisha shingo: "Mbuuuu! Mama yangu alikuwa nasema, huyo naita mvua. Andika!"

Mwanawetu akaandika mbuuuu.

"Nimwite nani, afande? Nimpe jina lako?"

Kicheko kikamkatika sajini. Akamtazama mwenzake, akaitazama barabara, akasogea karibu.

"Jina hapana, mama," akanong'ona. "Mtu nyingine atasoma."

Akamrudishia daftari kwa mikono miwili.