Jirani Hanyimwi Moto

Shangazi yangu Dorkasi alikuwa na haki ya kukasirika, nami nasema wazi, maana nimechoka kusikia akisemwa. Shamba lake la Mwera lilikuwa mchanga mtupu. Ukilimwagia maji asubuhi, adhuhuri huoni hata dalili. Zamani alipata mbolea ya ushirika. Ikaadimika pamoja na sukari na sabuni, na biashara ilipofunguliwa ikarudi madukani kwa bei ya kumfukuza mtu kama yeye.

Baba yake, kibarua wa mkonge, alikuwa amemwonyesha kwamba palipokuwa na tanuri la mkaa, maboga huota kwa fujo. Basi shangazi akipogoa mikorosho yake hakuyatupa matawi. Aliyachoma shimoni, akaufukia moto kwa udongo kabla hayajawa jivu, akapata mkaa wa kutwanga na kuzika matutani. Alitaka ardhi ishike maji, apate mboga zake mwenyewe, basi.

Lakini nani atazika mkaa wakati wenzake wanapikia vifuu?

"Shoga, nipe makaa mawili matatu, jiko limenizimikia," alizoea kusema Saleha, jirani waliyepakana naye ua.

Na kwetu jirani hanyimwi moto. Leo makaa mawili, kesho debe. Fanueli, mume wa shangazi, ndiye aliyegawa zaidi, mkarimu wa jasho la mwenziwe. Msimu hata msimu matuta yalibaki mchanga, na shangazi alilia kwa hasira.

Mwishowe mkaa wake akauloweka katika mkojo wa ng'ombe, uipe ardhi nguvu, na pia usifae kupikia. Akauanika, akaujaza guniani, Jumapili akaenda kanisani. Fanueli hakuambiwa habari ya mkojo ule. Walikuwa wamenuniana kwa ajili ya mkaa huohuo.

Siku hiyo Saleha alikuwa na khitma ya marehemu mamake. Kuni zikapungua, akatuma mtu kuomba. Fanueli akatoa gunia zima.

Shangazi aliporudi alikuta moshi wenye harufu anayoijua. Wapishi walidhani ni uvundo wa gunia tu. Alikimbia mpaka uani kwa Saleha, akasema mbele ya watu wote, "Msile. Mkaa huo nimeutia mkojo wa ng'ombe."

Pilau yote ikamwagwa, kwa kuwa mkojo ni najisi. Saleha hakugomba. Alimtazama, akauliza taratibu, "Ulimtilia nani, Dorkasi?"



Mwaka ule mkaa aliochoma tena ulifika matutani, yakashika maji, bamia zikarefuka kupita kichwa changu. Hakuna aliyekuja tena kuomba moto, wala chumvi. Fanueli anamlaumu yeye, mimi namlaumu Fanueli, na haisaidii kitu.

Sasa kila asubuhi shangazi huwasha jiko kwa mkaa safi, akaliweka nje penye mwanya wa ua, makaa yakiwa mekundu. Huwa linawaka mpaka linabaki jivu. Upande wa pili tunamsikia Saleha akiparuza kiberiti.