Bunduki ya Marehemu Haitoki Chafu

Baba yangu alipofariki alituachia nyumba ya vyumba sita Kariakoo na bunduki moja. Nyumba ni ya kizamani, ukumbi katikati na ua nyuma, imezingirwa na maghorofa mpaka nguo zikianikwa uani zinakauka kwa kudra ya Mungu. Bunduki ni ya mitutu miwili, ya Uingereza, yenye nakshi za ndege zilizochongwa kwenye chuma karibu na kifyatulio. Aliinunua kihalali kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anafunga duka ahame nchi, akaitumia kufukuzia nguruwe pori shambani kwake Rufiji. Kila mgeni aliyekunywa chai kwetu alisimuliwa habari zake. "Hii ukiiuza unajenga," alikuwa anasema, nasi tunacheka chinichini, maana baba kwa kutia chumvi alikuwa hajambo.

Sikujua kama siku moja nitakaa juu ya mswala nikiomba maneno yale yawe kweli.

Warithi tulikuwa watatu: mama yangu, mimi, na kaka yangu wa baba mmoja, mtoto wa mke wa kwanza. Mgao wetu wa Kiislamu unajulikana. Mjane ana thumuni, kinachobaki mwanaume anachukua mafungu mawili, mwanamke moja. Mimi fungu langu lilimezwa lote na fremu ya mbele, ile inayotazama mtaa, ninakouzia ndoo na mabeseni. Fremu Kariakoo ni dhahabu, inahesabiwa kuliko vyumba viwili vya nyuma. Mama thumuni yake haikufika hata chumba kizima. Vyumba vya uani vyote vikaangukia kwa kaka, pamoja na kile alichoingia mama akiwa bibi harusi, na kaka alishapata mfanyabiashara wa kuvipanga viwe stoo ya mizigo ya China.

"Ma mdogo nitampa haki yake mkononi," kaka alisema kwenye kikao cha ukoo. "Atapata chumba kizuri tu Mbagala."

Mbagala! Mama yangu, anayejua saa kwa kusikia mikokoteni inavyopita kichochoroni dirishani kwake, akaanze kuuliza njia ya sokoni uzeeni. Nilisimama nikafoka mbele ya wazee bila haya. Nikasema maneno ambayo mwanamke hasemi kwenye kikao cha mirathi, mpaka shehe wa msikiti wetu akaniambia nikae chini ninywe maji.

Ndipo kaka akaitaja bunduki. Yeye ana shamba lake na kibali chake cha silaha, na tangu utoto alikuwa anaimezea mate ile ya baba. Akasema kama thamani yake itafikia chumba cha mama, basi ataichukua bunduki ihesabiwe katika fungu lake, na chumba abaki nacho mama mpaka Mungu atakapomchukua. Wazee wakaitikia, shehe akapiga fatiha. Mimi nikatoka pale nimeshika roho mkononi.

Mahakama ya mwanzo nayo ilitaka thamani ya kila kitu cha marehemu, na kwa silaha karani hakutaka kusikia hadithi za baba. Alitaka mthamini anayetambulika, mtu mwenye leseni ya kuuza silaha, atie saini, kwa sababu hesabu ile ndiyo itakayotumika mahakamani na kwa watu wa kodi. Nikamtafuta, nikampata mzee mmoja mpole, nikamtumia picha kwenye simu, picha nilizompiga baba mwaka wake wa mwisho akiwa ameipakata bunduki kama mjukuu. Akanipigia mwenyewe.

"Mama, hii ndiyo hii ya kwenye picha? Haijaguswa na mafundi?"

"Haijaguswa, mzee wangu. Baba alikuwa haruhusu hata tuipanguse."

"Basi nitaiangalia kwa macho kwanza. Lakini kama ndiyo hii, msiwe na wasiwasi na chumba chenu."

Nilikaa juu ya ndoo dukani nikalia. Wateja wakadhani nimefiwa tena.

Kilichobaki ilikuwa kuifikisha kwake, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Bunduki ilikuwa kwenye sanduku la chuma chumbani kwa mama. Mimi sina kibali, nikitoka nayo mlangoni tu nimekuwa jambazi. Mthamini hawezi kuingia, mama yuko eda, haonani na mwanaume asiye wake. Polisi wakasema tulitakiwa tuwe tumeisalimisha mapema, ila kwa kuwa ni msiba watatuma askari wa kike kuichukua, na mthamini ataiona kituoni. Nikamwambia mama: "Mama, Jumatatu wanakuja kuichukua bunduki. Ikisifiwa, chumba ni chako."

Hayo tu. Sikuongeza neno, na lile neno ambalo sikuongeza linanitafuna mpaka leo.

Kwetu sisi kitu cha marehemu hakitoki nyumbani kichafu. Kanzu za baba zilifuliwa na kupigwa pasi na kufukizwa udi kabla ya kutolewa sadaka. Viatu vilipigwa rangi. Hata fimbo yake ilipakwa mafuta. Ni aibu mtu akapokea kitu cha maiti wako kina jasho na vumbi, watasema hakuwa na mke. Na mama yangu kwa kusugua ndiyo jina lake mtaa mzima. Sinia zake ukizitazama unajiona meno.

Jumatatu askari akaja, binti mwenye adabu zake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Mama akamkabidhi bunduki ikiwa ndani ya mfuko wake wa ngozi, imefungwa kwa kanga mpya. Akanitazama mimi, akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Nilifurahi, jamani. Nilitembea kwenda kituoni huku napigana vikumbo na wapagazi, na sikumtukana hata mmoja.

Kituoni tulikuwa kaka, mimi, yule askari na mthamini na kioo chake cha kukuzia. Akafungua kanga. Akafungua mfuko.

Ile bunduki iling'aa kama sufuria mpya ya soko la Mchikichini.

Chuma kilichokuwa cheusi chenye ubuluu kilikuwa cheupe pee, kimejaa michirizi ya stili waya. Wale ndege wa nakshi walikuwa wamefutika. Mmoja alibaki bawa, mwingine nusu kichwa. Mti wa kitako ulikuwa umepigwa msasa na kupakwa vanishi, ile ya vitanda, bado inanata. Ilikuwa inanuka limau.

"Nani kafanya hivi?" mthamini aliuliza taratibu, kama daktari.

Kaka ndiye aliyejibu, "Ma mdogo."

Mzee akaigeuza, akaifungua, akamulika ndani ya mitutu, akatafuta namba. "Namba ipo, mshukuruni Mungu, ingefutika tungekuwa tunaongea mengine na huyu askari." Kisha akatueleza. Thamani ilikuwa kwenye ule weusi wa kiwandani na mkono wa fundi aliyewachonga wale ndege. Kile tulichokiona uchafu ndicho kilichokuwa kinauzwa. Hakirudishiki.

"Sasa ni kiasi gani?" kaka akauliza.

Akataja. Haikufika hata mlango wa chumba.

Mimi nikapoteza akili. Nilimshika yule mzee wa watu mkono wake wa shati. "Andika kubwa! Si umeziona picha? Andika kama kwenye picha, kalamu si ni yako? Nani atajua?"

"Mama, mimi nathamini kilicho mezani."

"Ni mjane, baba yangu! Ni mzee! Hana pengine!"

"Nikiandika uongo karatasi inakwenda mahakamani na jina langu, na huyu kaka yako atachukua fungu pungufu bila haki. Utanisamehe." Akautoa mkono wangu kwenye shati lake polepole, akaandika. Nilimwona machozi yanamlenga na bado akaandika, na siku ile nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Nje kaka alinisubiri kivulini. Nilidhani atacheka. Hakucheka. "Mdogo wangu, neno ni neno," alisema. "Mimi nina watoto wanasoma. Mpangaji ameshanipa na kianzio."

"Chukua fremu," nikamwambia.

"Unasemaje?"

"Chukua fremu yangu, niachie chumba cha mama na kile kinachopakana nacho. Mpangishe huyo mtu wako wa mizigo ya China hukohuko mbele."

"Na wewe utauzia wapi?"

"Barabarani, kwani wanaouza barabarani hawana mama?"

Alinitazama sana. Hesabu ilikuwa upande wake na alijua. Akakubali, na shehe akaandika upya.

Kwa mama niliingia na uso nimeuosha bombani. Alikuwa ameketi mkekani na tasbihi yake. "Wamesemaje?" akauliza.

"Chumba ni chako, mama."

"Si nilijua! Mikono yangu hii imechubuka, lakini baba yako hakuaibika." Akanionyesha viganja. Vilikuwa na malengelenge. Nikavibusu, nikatoka haraka.

Kulipopambazuka nikaanza kuhamisha ndoo zangu kutoka fremu kwenda uani, taratibu, nazibeba tatu tatu zisigongane. Mama akatokea ukumbini na buibui lake, akasimama pale mwanga wa mtaa usipomfikia. Akauliza mbona natoa mzigo wote. Nikamwambia nataka kupiga rangi.

Akarudi ndani, nikashukuru Mungu. Baada ya kitambo akaja tena na kibakuli cha majivu, nusu limau na stili waya, akachuchumaa mlangoni mwa fremu, mlango ule wa nyuma wa ukumbini, akaanza kusugua komeo.

"Mama, acha. Mikono yako."

"Fremu ya baba yako," alisema bila kuinua uso, "nayo haitoki chafu."

Akaendelea kusugua. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye majivu, naye hayafuti. Nikakaa chini kando yake, nikaichana ile stili waya vipande viwili, nikaanza na bawaba.